Anatoka Ijumaa: chumba kwanza au cherehani kwanza?

Simu ya afisa wa probesheni, yule wa serikali anayefuatilia waliohukumiwa, aghalabu huja Jumatatu au Jumanne. "Shikamoo mama. Kuna dada anatoka gerezani Ijumaa. Ndugu yake alikuwa amekubali kumpokea, sasa anasema mumewe hataki. Nyinyi mwaweza kutusaidia vipi?" Hapo tunabaki na siku tatu, na kwenye sanduku letu huwa mna kama shilingi 40,000, maana ndicho kiasi tulichokubaliana kuweka kando kila mwaka tangu 2018.

Sisi ni kikundi cha wanawake 24 wa Kisauni, Mombasa. Wengi wetu twauza chakula, wawili ni walimu, mmoja ni muuguzi mstaafu. Hakuna aliyesomea kazi hii. Tulianza baada ya mwenzetu kufungwa miezi minane kwa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kwa kuwa faini ilimshinda. Aliporudi tulimkumbatia, tukamlisha pilau, kisha tukatazamana: sasa tumfanyie nini? Tangu wakati huo tumewapokea wanawake 11. Mengine tuliyafanya vizuri, mengine tuliyaharibu wenyewe. Ninaandika kwa ajili ya kikundi kingine, au kanisa, au akina mama wa msikiti, waliopata simu kama hiyo na hawajui pesa yao ndogo iende wapi.

Niseme mapema ninavyoamini: chumba kwanza, pamoja na kodi ya miezi mitatu, kabla ya cherehani na kabla ya mtaji wowote. Wapo wenzangu wanaopinga, na hoja zao nitazieleza, kwani kuna wanawake ambao kwao njia nyingine ilifaa zaidi.

Anachotoka nacho

Huwezi kulinganisha misaada kabla ya kujua mtu anaanzia wapi. Wengi tuliowapokea walitoka na nguo walizoingia nazo, karatasi ya kuachiliwa, na mfuko wa vitu vidogo. Mmoja alikamatwa Julai na kutoka Julai ya mwaka mwingine, lakini aliingia akiwa mjamzito, kwa hiyo gauni lake halikumkaa tena na mtoto hakuwa na nguo ya njiani.

Kitambulisho mara nyingi hakipo. Kilibaki kwenye nyumba ambayo mwenyewe keshaipangisha kwa wengine, au kilipotea siku ya kukamatwa. Laini ya simu isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa, na baadaye namba ile hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo M-Pesa hana, na namba za watu aliokuwa akiwategemea hana. Mikopo midogo ya simu aliyoiacha bila kulipa imeshaharibu jina lake kwa wakopeshaji. Vyombo vya ndani vimegawanywa. Watoto wako sehemu mbili au tatu.

Ndiyo maana, kwa njia yoyote mtakayochagua, shilingi 2,000 za kwanza ziende kwenye kitambulisho, laini mpya na nauli ya kuzungukia ofisi. Wanachama wapya huona hiyo si zawadi, kwani hakuna kinachoonekana. Lakini bila kitambulisho hapati laini, bila laini hapokei pesa ya mteja, na bila hivyo viwili hata cherehani nzuri itamwacha akiomba simu ya jirani.

Kwa jamaa, chumba cha kupanga, au nyumba ya mpito

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo.

Kurudi kwa jamaa ndiyo njia ya gharama ndogo, na ikifaulu hakuna inayoishinda. Mwanamke mmoja alirudi kwa mamake, ndani kidogo ya Kilifi. Kitanda chake kilikuwa palepale, neti imefuliwa, na mamake alikuwa amempandia mihogo kando ya nyumba akihesabu miezi. Kikundi kilichangia nauli na mfuko wa unga tu. Leo anafuga kuku na hatuhitaji hata kumpigia simu, yeye ndiye hutupigia.

Mwingine alikwenda kwa kakake. Kaka hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na watu saba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alipewa jembe siku ya kwanza: alfajiri maji, mchana watoto wa wifi, usiku alale jikoni. Pesa za matumizi hakuna, na akitaka kutoka anaulizwa anakwenda wapi. Wiki ya sita aliondoka usiku bila kuaga, na ilituchukua mwezi mzima kumpata.

Tangu hapo, kabla ya kukubali habari kwamba "familia ipo", tunauliza mambo matatu. La kwanza, nani katika familia hiyo alikwenda kumtembelea alipokuwa ndani? Anayesema kwenye simu "aje tu" na hakuwahi kufika hata mara moja, mpimeni tena. La pili, kosa lilimgusa nani? Mwanamke aliyemjeruhi au kumuua mume aliyekuwa akimpiga hawezi kurudishwa kwenye boma la wakwe kwa sababu tu watoto wako huko. Hilo ni hatari kwake na kwao. La tatu, nani mwingine analala humo? Kuna nyumba ambazo yule aliyekuwa akimtesa bado ana ufunguo.

Majibu yakiwa mazuri, chagueni jamaa, lakini msiiache familia mikono mitupu. Tofauti niliyoiona kati ya kumpa mwanamke shilingi 5,000 mkononi na kupeleka unga, mafuta na sukari ya thamani hiyohiyo nyumbani kwa jina lake ni kubwa. Pesa mkononi huombwa na kila mtu. Kile kiroba kinapoingia mlangoni na kusemwa "hiki kimeletwa na wenzake fulani", anakuwa mtu aliyekuja na kitu. Fanyeni hivyo miezi miwili.

Chumba cha kupanga kinagharimu zaidi. Kwetu, chumba kimoja huwa kama shilingi 3,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba hutaka dipoziti ya mwezi mmoja. Hapa pia mna uchaguzi, na sikuuelewa mpaka nilipouona. Ploti mpya za ghorofa zina milango inayotazama ngazi, kila mtu na lake. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, choo na ua wa nyuma wa pamoja. Anayetafuta faragha atapenda ploti. Lakini mtu aliyeishi miaka akisikia pumzi za watu 30 usiku, ukimfungia peke yake kwenye chumba kimya, hapati usingizi. Kwenye nyumba ya Kiswahili, asipofungua mlango asubuhi kuna mtu atakayegonga. Kuna atakayempa makaa mekundu ya kuwashia jiko. Tumepanga mara tano kwenye nyumba za Kiswahili na mara mbili kwenye ploti, na wa ploti wote wawili walihama ndani ya miezi minne.

Tulipomtembelea mmoja wao siku ya pili, tulimuuliza ni kitu gani kimekosekana chumbani. Tulidhani atasema ndoo, au pazia. Alisema kufuli, na funguo zote mbili ziwe zake. Mwanachama wetu alikuwa amebaki na ufunguo mmoja "kwa usalama". Aliutoa mkobani akampa, na tangu siku hiyo hatubaki na ufunguo wa mtu.

Je, mwenye nyumba aambiwe? Wanachama wetu waligawanyika, nami nilikuwa upande uliokosea. Nilisema tunyamaze, ni siri yake. Mwezi wa pili mtu wa mtaani alimtambua, maneno yakafika, na akaambiwa ahame huku kodi imelipwa. Sasa tunamuomba mwanamke mwenyewe ruhusa, na akikubali tunakwenda wawili kumwambia mwenye nyumba uso kwa uso, bila kutaja kosa: alifungwa, amemaliza, kikundi kinasimamia kodi. Mmoja alikataa, tukaenda kwa mwingine. Afadhali kukataliwa kabla godoro halijaingia. Mzee wa mtaa naye tunamwambia, ili habari aisikie kutoka kwetu.

Nyumba za mpito, ambako wanawake kadhaa huishi pamoja kwa muda chini ya uangalizi, ni chache sana nchini, na ukiwa Pwani mara nyingi utalazimika kumpeleka mbali. Ubaya wake ni huo umbali, hasa kwa mama mwenye watoto, na masharti ya saa za kutoka na kurudi, ambayo wengine huyaona kama kifungo cha pili. Hata hivyo kuna wanawake ambao ningewapeleka huko bila kusita hata kama tuna pesa ya chumba: aliyekaa ndani miaka mingi mpaka hajui kuvuka barabara mpya, anayepambana na ulevi, aliyeanza dawa za ugonjwa wa akili akiwa gerezani na hana wa kumkumbusha, na anayewindwa na mtu. Huko atapata ushauri nasaha na wenzake wanaojua alikotoka. Kikundi cha kujitolea hakiwezi kukesha na mtu. Sisi tulijaribu na tukashindwa, na aliyeumia ni yeye.

Cherehani, pesa, bidhaa au ajira

Wanawake wengi hujifunza ushonaji gerezani, wengine ususi, shanga, uokaji au kutengeneza sabuni, na baadhi hufanya mtihani wa serikali wa ufundi. Kwa hiyo mtu akiuliza "tumsaidie na nini", jibu la haraka ni cherehani. Wanaolipenda wana hoja nzuri: ni kitu cha kudumu, kina heshima, na hakinyweki wala hakiliwi kama pesa taslimu.

Mwaka wetu wa pili tulinunua ya kukanyaga kwa miguu, shilingi 17,500. Tulimpelekea dada mmoja chumbani, tukapiga vigelegele. Wiki ya tano nilipita kumsalimia nikakuta kwenye saruji alama nne za miguu ya ile meza, na dirishani kibiringo cha uzi mwekundu. Aliiuza 7,000. Kodi ya mwezi wa pili ilikuwa imefika na hakuwa amepata mteja ila jirani aliyetaka zipu. Hakuwa mvivu. Hakuna ampaye fundi asiyemjua kitambaa cha harusi, na ilikuwa Februari, sare za shule zimeshashonwa na Idi bado ni mbali.

Hivi ndivyo shilingi 40,000 zilezile zinavyokwenda kwa njia mbili, kwa bei za mtaani kwetu:

| | Cherehani kwanza | Chumba kwanza |
|---|---|---|
| Siku ya kwanza | Cherehani 17,500. Vitambaa, uzi na mkasi 4,500 | Kodi ya miezi 3 na dipoziti 14,000 |
| Wiki ya kwanza | Kitambulisho, laini na nauli 2,000. Godoro na sufuria 5,000 | Kitambulisho, laini na nauli 2,000. Godoro, jiko, sufuria na ndoo 6,500 |
| Mwezi wa kwanza | Kodi ya mwezi 1 na dipoziti 7,000. Chakula 4,000 | Chakula 5,000 |
| Inayobaki sandukuni | Hakuna | 12,500 |
| Mwezi wa pili | Kodi itoke kwenye mashine | Anaanza kidogo kwa 3,000, kodi imelipwa |

Zile 12,500 ndizo zinazonifanya nisimame na chumba. Mtu akikosea biashara ya kwanza, na wengi hukosea, kuna ya pili. Anayeanza na mahamri na mbaazi za nazi anahitaji unga, sukari, mafuta, nazi, mbaazi na makaa, na shilingi 3,000 zinatosha. Siku ya kwanza yatabaki mahamri 20. Siku ya kumi atakuwa anajua ni nyumba gani hununua manne na ni wapi hununua kumi. Hasara yake ni ya siku moja, si ya mashine nzima.

Pesa taslimu je? Mimi sizipingi kama wenzangu. Mwanamke aliyewahi kuendesha kibanda cha mboga kabla ya kufungwa anajua kuliko sisi akanunue nini soko la Kongowea na saa ngapi. Kumnunulia nyanya ni kumdharau. Lakini pesa zote kwa siku moja, kwa mtu ambaye watoto, madeni na ndugu wamemsubiri kwa mwaka mzima, hazikai hata akiwa mwangalifu namna gani. Tumpe kwa awamu, na kila awamu aje na hesabu yake ya mdomo tu, asidaiwe risiti za nyanya. Bidhaa zinamfaa yule anayeogopa mwenyewe kushika pesa. Wapo, nao husema waziwazi.

Cherehani kwanza ningeichagua katika hali moja: tayari ana pa kulala bila kodi, na kuna fundi anayekubali aweke mashine kwenye duka lake. Wateja wa duka wanamzoea, na yeye anapata kazi za kupunguza na kuziba mpaka aaminiwe kitambaa kizima. Mmoja wa tuliowapokea alifanya hivyo, na Desemba hiyo alishona mpaka saa sita za usiku.

Ajira ya mshahara ndiyo wanayoitaka wengi wao, na ndiyo ngumu. Waajiri wengi, hata wa kazi za nyumbani, huomba cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, ambacho ada yake ni shilingi 1,050, na kumbukumbu ya hatia huwa kikwazo. Msimtume akalipe ada hiyo kwa matumaini tu. Njia iliyotufaa ni mwajiri anayejua kila kitu tangu mwanzo: mkahawa wa mwanachama, saluni ya jirani, jiko la shule ambako mwalimu wetu alimdhamini kwa maneno. Mshahara ni mdogo, lakini unakuja tarehe inayojulikana, na kwa anayejaribu kurudishiwa watoto tarehe hiyo ina uzito kuliko faida ya biashara inayopanda na kushuka.

Ndani ya chama au nje yake

Kuna wanaosema asaidiwe kwanza, akisimama ndipo aingie chamani, yaani awe mwenzetu wa kuchanga na kukopa kwenye kikundi. Wengine husema aingie mwezi uleule. Tumejaribu yote mawili, na nimehamia upande wa pili, kwa sharti moja: mchango wake wa miezi mitatu ya kwanza uwe mdogo sana, hata shilingi 50 kwa wiki, na asikope bado. Anayesaidiwa tu hukaa mwisho wa benchi na kuitikia kila kitu. Aliyetoa 50 yake huuliza pesa za sherehe zimekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza.

Kuna faida nyingine. Akikopa peke yake kwenye Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanza Novemba 2022, atalipa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo si mbaya, lakini mkopo unaanzia shilingi 500, na kupanda kuelekea 50,000 kunategemea historia yake ya kukopa na kulipa, ambayo hana. Hazina ya wanawake ya serikali, iliyopo tangu 2007, hukopesha vikundi. Ndani ya chama kilichosajiliwa anafika mahali ambapo peke yake asingefika kwa miaka.

Na kuna la moyoni. Teresa Njoroge alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwaka 2011 alifungwa mwaka mmoja katika gereza la wanawake la Lang'ata akiwa na mtoto wa miezi mitatu, na baadaye rufaa ikamwondolea hatia. Alianzisha Clean Start, shirika linalofanya kazi na wanawake walio ndani na wanaotoka, na ameeleza mara nyingi jinsi wengi aliowakuta humo walivyofikishwa na umaskini. Nimejifunza kwake kwamba aliyepitia hukaa karibu na anayepitia kwa namna ambayo sisi wengine hatuwezi. Yule mwenzetu wa chang'aa ndiye huulizwa maswali ambayo mimi siulizwi kamwe. Kama kwenye kikundi chenu hakuna mtu kama huyo, ombeni afisa wa probesheni awaunganishe na mwanamke aliyetoka zamani kidogo, naye alipwe nauli kila anapokuja.

Watoto: warudi mara moja au wasubiri?

Kila mama hutaka watoto siku ileile, na kila tulipokubali haraka tulijuta. Chumba kimoja, biashara ya wiki mbili, watoto watatu wasiomjua tena, mmoja akimwita shangazi yake "mama" mbele yake. Tulipowaleta mmojammoja, aliye karibu naye zaidi kwanza, kisha wengine shule zilipofungwa, mambo yalikaa. Siku za kusubiri awe anakwenda kuwaona kila wiki, nasi tulipe nauli hiyo. Nauli ya kwenda kuona watoto ni msaada ambao hatukuwahi kuuona ukipotea.

Mtoto aliyekuwa naye ndani ni habari nyingine. Sheria ya magereza inamruhusu kukaa na mama hadi miaka minne. Tulimpokea mmoja wa miaka mitatu. Alimwita kila mwanamke aliyevaa sare "afande", hata wa shule ya jirani, na mlango ukifungwa alikaa chini akisubiri ufunguliwe, hata ulipokuwa haujakazwa. Ilichukua siku tisa kabla hajausukuma mwenyewe. Kwa mtoto kama huyo ningelipa karo ya chekechea kabla ya kumnunulia mama bidhaa yoyote: anapata wenzake, na mama anapata saa tano za kufanya kazi. Pakiwa na mvutano na jamaa kuhusu watoto, msijitie kuwa mahakama. Mpelekeni mama kwa afisa wa watoto wa serikali, na mwanachama mmoja afuatane naye.

Kuanza kabla au kumsubiri atoke

Simu ya Jumatatu ni kuchelewa. Tukipata nafasi ya kuanza miezi mitatu kabla, pesa zilezile hufanya kazi mara mbili, maana tunamkuta ameshasema anataka nini na tumeshamjua dada anayesema "aje tu". Tarehe inaweza kukadiriwa: kwa makosa mengi, ingawa si yote, sheria ya Kenya humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu thuluthi moja ya kifungo, hivyo aliyehukumiwa miaka mitatu huenda akatoka baada ya miwili. Nendeni kwa afisa wa probesheni wa kaunti ndogo yenu mkajitambulishe kabla hajawatafuta. Si kuomba fadhila. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2010 kuhusu wanawake wafungwa, zinasema mpango wa kumrudisha mwanamke kwenye jamii uandaliwe kabla na baada ya kutoka, na vikundi vya jamii vimetajwa humo pamoja na magereza na probesheni.

Bado kuna suala la nani aende langoni. Afisa akimleta kwa gari la serikali ni nafuu ya nauli, lakini mtaa mzima utaliona gari. Familia ikienda ni vizuri, kama ni ile iliyokuwa ikimtembelea. Sisi huenda wawili, mmoja akiwa yule aliyewahi kutoka langoni mwenyewe. Tunafika mapema, kwani hutoka asubuhi na hakuna anayejua dakika. Tunabeba doti ya leso, ndara za saizi ya kati, sabuni, simu iliyojaa chaji, na chupa ya chai ya maziwa na mahamri. Leso ya kwanza hujifunga papo hapo juu ya gauni la zamani. Tunapanda matatu ya kawaida, tunamwachia kiti cha dirishani, na alichofanya hata akafungwa hatumuulizi, wala siku hiyo, wala baadaye, mpaka aseme mwenyewe.